Ukitaka Uprofesa wa Sheria ya Sarafu za Kidijitali, Anzia kwa Wakala

Vijana wanaohitimu sheria Makumira, na wenzao wanaorudi nyumbani Arusha kutoka Mlimani au Mzumbe, huniletea swali moja: nifanyeje niwe bingwa wa sheria ya sarafu za kidijitali, nifundishe chuo, na siku moja niitwe profesa? Wengi huja wakiwa na majina ya sarafu kumi midomoni na video nyingi kwenye simu. Ukiwauliza wakala ni nani mbele ya sheria, na hasara aliyoisababisha inamwangukia nani, macho yanahamia dirishani. Ushauri wangu kwao, na kwako unayesoma, ni huu: iweke Bitcoin kando kwa miaka miwili ya mwanzo. Haitakukimbia.

Uprofesa wa sheria ya biashara haujengwi na jambo jipya. Hujengwa na maswali ya zamani ambayo kila kizazi huyakuta yamevaa nguo nyingine. Mali hii ni ya nani? Aliyepokea fedha ya wizi bila kujua, je, airudishe? Kampuni ikifilisika, nani anasimama mbele kwenye foleni ya kulipwa? Asiyeyajua majibu ya zamani atauona kila muamala wa simu kama muujiza, na atatumia maisha yake kueleza wanafunzi jinsi mashine inavyofanya kazi badala ya kuwaeleza haki ya nani imevunjwa.

Chukua mfano wa kesi ya Miller dhidi ya Race, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1758. Noti ya benki ilitumwa kwa posta, posta ikaporwa njiani, na noti ikaishia mikononi mwa mwenye nyumba ya wageni, aliyeipokea kwa nia njema akiwa katika biashara yake ya kawaida. Benki ikakataa kumlipa kwa kuwa noti ilikuwa ya wizi. Jaji Mkuu Lord Mansfield akaamua kwamba alipwe: noti ni fedha, na fedha lazima izunguke bila kila mpokeaji kulazimika kuuliza ilikotoka. Sasa mtazame mwenye hoteli ya Arusha leo. Mtalii amemlipa kwa sarafu ya kidijitali, mwezi mmoja baadaye anajitokeza mtu wa Ulaya na kudai sarafu hiyo iliibwa kwenye pochi yake ya mtandaoni. Mwenye hoteli wetu analindwa kama yule wa 1758, au anachukuliwa kama aliyenunua ng'ombe wa wizi mnadani? Jibu linategemea kama sarafu hiyo ni fedha, au ni mali tu kama mali nyingine. Hapo ndipo ilipo tasnifu yako, na huwezi kuiandika kama hujawahi kumsikia Mansfield.

Usidhani kesi za Waingereza wa kale ni mapambo. Sheria yetu inayosimamia matumizi ya sheria, Sura ya 358, inapokea sheria ya kawaida ya Uingereza na kanuni za haki kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Uamuzi wa 1758 umo ndani ya mipaka hiyo. Wakili anaweza kuusimamia mahakamani, na jaji akalazimika kumjibu.

Na sisi wenyewe tumeshapita njia hiyo hapa nchini. Mwaka 2000, Mahakama Kuu, Divisheni ya Biashara, ambayo wakati huo ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kuanzishwa, ilipelekewa kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises. Benki ilitaka kuthibitisha deni kwa karatasi zilizochapwa na kompyuta, wakati Sheria ya Ushahidi ni ya 1967, na watunzi wake waliposema kitabu cha benki walikuwa na daftari akilini. Jaji Nsekela akazikubali karatasi zile. Hakungoja Bunge, aliitazama kazi ya daftari, akaona kompyuta inafanya kazi ileile. Bunge lilifuata baadaye, na mwaka 2015 tukapata Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Mwanafunzi anayetaka kuifahamu kazi hii aanze na uamuzi huo. Ni bure kusoma maamuzi ya mahakama zetu kwenye TanzLII, kwa hiyo kisingizio cha kukosa maktaba kimekufa.

Ukishasoma, shuka mtaani. Nenda soko la Kilombero au Tengeru siku ya soko, kaa karibu na kibanda cha wakala wa fedha za simu, utazame kinachotokea. Mama wa ndizi anaweka laki moja. Wakala anapokea noti na kumpa salio kutoka kwenye floti yake mwenyewe, iliyotokana na mtaji wake mwenyewe. Mama anaamini ameweka pesa kwenye kampuni ya simu. Je, ni kweli? Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, tuliyoanza kuitumia Julai 1961, ina sehemu nzima ya uwakala iliyorithiwa kutoka sheria ya India ya 1872. Inaeleza lini tendo la wakala ni tendo la bwana wake. Lakini je, huyu wa kibandani ni wakala kwa maana hiyo, au ni mfanyabiashara huru anayeuza salio kama anavyouza vocha? Akikosea namba, akitapeliwa na mtu anayejifanya ofisa wa kampuni, au akitoroka na pesa za mama, jibu la swali hilo ndilo litakaloamua nani alie. Kamusi haitakupa. Litatoka kwenye mkataba wa uwakala, kanuni za Benki Kuu na mwenendo halisi wa biashara, vyote vikisomwa pamoja.

Kisha ufuate ile laki moja inakokwenda. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, pamoja na kanuni za fedha za kielektroniki za mwaka huohuo, zinamtaka mtoa huduma aweke benki, kwenye akaunti ya amana, fedha zinazolingana na salio lote lililo kwenye simu za wateja. Fedha hizo si mtaji wa kampuni. Hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 2014 Tigo Pesa walipoanza kuwagawia wateja faida iliyotokana na akaunti hiyo, habari ilivuma nje ya mipaka: kama amana ni ya wateja, matunda yake nayo ni ya nani? Wanasheria wengi wanaoitumia huduma hii kila siku hawajawahi kukaa na swali hilo hata kwa saa moja.

Sasa vuka bahari. Januari 2019 soko la sarafu za kidijitali la Cryptopia, huko New Zealand, lilivamiwa na wezi wa mtandaoni, na baadaye likawekwa chini ya mfilisi. Sarafu zilizobaki zilikuwa na wagombea wawili: wateja, na wadai wengine wa kampuni. Aprili 2020 Mahakama Kuu ya huko, katika kesi ya Ruscoe dhidi ya Cryptopia, ikaamua kwamba sarafu hizo ni mali, na kwamba kampuni ilizishika kwa amana kwa niaba ya wateja. Kwa hiyo hazikuingia kwenye kapu la wadai wengine. Miezi michache kabla, London, kesi ya AA dhidi ya watu wasiojulikana ilikuwa imefika mahali palepale kuhusu umali wa Bitcoin. Umeiona njia? Kutoka kibanda cha Tengeru hadi New Zealand swali halikubadilika: kilichowekwa kwa mtu ni chake, au bado ni cha mwekaji? Kijana aliyeielewa akaunti ya amana ya fedha za simu ataisoma hukumu ya Cryptopia kwa jioni moja. Aliyeanzia kwenye Cryptopia bila amana ataisoma kama riwaya.

Baada ya hapo ndipo uifungue Bitcoin, na Tanzania ina ya kutosha ya kukushughulisha. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba fedha halali nchini ni shilingi, na kwamba kuuza, kutangaza au kutumia sarafu za mtandaoni ni kinyume cha taratibu za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza, aliiambia Benki Kuu ijiandae, kwa kuwa mambo hayo yanakuja. Januari 2023 Benki Kuu ikaueleza umma kuwa inaendelea na utafiti wa sarafu yake yenyewe ya kidijitali, kwa hatua na kwa tahadhari. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, ikatwe na mwenye jukwaa au anayewezesha muamala.

Ona basi: mkono mmoja unakataza, mkono mwingine unatoza. Je, kutoza kodi ni kuhalalisha? Mitaani watu wengi wanasema ndiyo, na hata baadhi ya mawakili. Mimi nasema hapana, na sitegemei hisia. Katika kesi ya Minister of Finance dhidi ya Smith, iliyomo kwenye ripoti za 1927, Baraza la Faragha huko London lilishughulika na mfanyabiashara wa Kanada aliyepata faida kwa kuuza pombe iliyopigwa marufuku. Likaamua faida hiyo inatozeka kodi ingawa biashara yenyewe ni haramu. Kodi hutazama pato, haitoi kibali. Makala ya kurasa kumi na tano inayoitazama Sheria yetu ya Fedha ya 2024 kwa jicho la kesi hiyo ingesomwa na wanaotoza kodi, wanaotetea na wanaoamua. Iandike wewe.

Kwa Arusha hasa, suala la fedha gani inaruhusiwa si la nadharia. Mji huu umekua kwa dola za watalii na wanunuzi wa tanzanite. Novemba 2018 Benki Kuu, ikisaidiwa na wanajeshi, iliingia kwenye maduka ya kubadilishia fedha ya hapa na mengi yakafungwa. Machi 2025 zikaja kanuni zinazokataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Kampuni ya safari iliyozoea kuandika bei zake kwa dola ikalazimika kuzisoma upya karatasi zake zote. Mwanazuoni anayeishi Njiro anaweza kuzungumza na watu walioguswa na kanuni hizi kabla ya chakula cha mchana. Mwenzake wa ng'ambo atasoma gazeti. Hiyo ndiyo faida yako, na ni kubwa kuliko unavyodhani. Fanya mahojiano, tunza kumbukumbu, omba kibali cha utafiti mapema kwa kuwa ofisi hazina haraka.

Arusha ina faida ya pili. Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapa, kwenye jengo la makao makuu ya Jumuiya, na vikao vyake ni vya wazi. Ukumbi huwa na viti vitupu, jambo la aibu kwa mji wenye wanafunzi wengi wa sheria. Vaa vizuri, nenda ukakae. Mwaka 2019 mahakama hiyo iliamua kesi ya British American Tobacco ya Uganda dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda: Uganda ilikuwa imezihesabu sigara zilizotengenezwa Kenya kuwa bidhaa za nje na kuzitoza ushuru mkubwa zaidi, na mahakama ikaona hilo linavunja Mkataba wa Jumuiya na itifaki zake. Ni kesi ya sigara, lakini badilisha sigara uweke huduma ya malipo iliyosajiliwa Nairobi inayotaka wateja Arusha, utaona inakoelekea.

Na Nairobi haiko mbali. Ukipita Namanga unaingia kwenye sheria nyingine ya mikataba: sisi tulibaki na mfumo wa India, Wakenya wakafuata sheria ya mikataba ya Uingereza. Mwaka 2015 mahakama yao ilisikia mgogoro wa Lipisha na BitPesa dhidi ya Safaricom, kampuni ya simu ilipoikatia huduma kampuni iliyokuwa ikipitisha miamala ya Bitcoin. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Uganda iliitupa kesi ya Kayondo dhidi ya Benki Kuu ya Uganda, aliyepinga waraka wa 2022 uliowazuia watoa huduma za malipo kugeuza sarafu hizo kuwa fedha za simu. Kenya ikafika mbali zaidi mwaka 2025 kwa kutunga sheria ya watoa huduma za mali hizo. Yaweke mambo haya matatu mezani pamoja na tangazo letu la 2019, na una muhula mzima wa kufundisha.

Juu ya yote kuna Umoja wa Fedha. Itifaki yake ilisainiwa Kampala Novemba 2013, lengo likiwa sarafu moja mwaka 2024. Sasa tarehe imesogezwa hadi 2031. Wazee wetu waliwahi kuishi na shilingi moja ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, hadi nchi zilipotoa shilingi zao mwaka 1966. Madeni yaliyoandikwa kwa shilingi ya zamani yalihamaje? Nimeona andiko moja moja tu la kijana aliyejisumbua kuuliza, wakati swali hilohilo litarudi siku sarafu ya Jumuiya itakapotolewa, iwe ya karatasi au ya kidijitali.

Kama bado unahisi kwamba Meru ni mbali mno na dunia ya wasomi, kumbuka kesi ya ardhi ya Wameru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kutoka Ngare Nanyuki kupisha walowezi. Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa kwa niaba yao mwaka 1952, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1967 wawili hao walitoa kitabu juu ya kesi hiyo, na Seaton baadaye akawa jaji. Hawakusubiri mada kutoka ng'ambo.

Ngazi yenyewe ya kazi nitaipitia haraka. Matangazo ya ajira ya vyuo vyetu kwa kawaida hutaka GPA isiyopungua 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 shahada ya uzamili, kwa hiyo mwaka wa kwanza wa chuo si wa kuchezea. Alama zilizoanguka mapema hazinyanyuki kirahisi. Utaanza kama mkufunzi msaidizi au mhadhiri msaidizi, uzamivu utakufungulia uhadhiri, kisha mwandamizi, profesa mshiriki na profesa, na kutoka hapo kinachohesabiwa ni machapisho. Kwa ufadhili, tazama kituo cha Watanzania na Wajerumani cha masomo ya sheria za Afrika Mashariki, kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2008 pamoja na Chuo Kikuu cha Bayreuth. Kimesomesha wanasheria wa nchi za Jumuiya kwa ngazi za uzamili na uzamivu. Soma pia waliotangulia: Nditi kwenye mikataba, Mambi kwenye sheria ya teknolojia ya habari, Makulilo kwenye ulinzi wa taarifa binafsi. Na ukipokea barua pepe ya jarida linaloahidi kuchapisha makala yako ndani ya wiki moja kwa dola mia, ifute. Makala kumi za namna hiyo zitakuaibisha siku ya kupandishwa cheo.

Tafuta pia rafiki asiye mwanasheria. Chuo cha Uhasibu kiko Njiro, Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, na kote kuna watu wanaofundisha usalama wa mifumo na kompyuta. Mwombe mmoja akuoneshe kwa vitendo jinsi muamala unavyoandikwa kwenye blokcheni, nani anaweza kuurudisha, na ufunguo ukipotea kunatokea nini. Wewe mfundishe maana ya umiliki. Mkiandika pamoja, mtakuwa na makala ambayo hakuna kati yenu angeiweza peke yake.

Kuna jambo moja nitalisema kwa ukali. Ukishaanza kujulikana, watakuja watu na bahasha. Watakualika kwenye semina ya fursa hotelini, wakuombe uzungumze dakika ishirini tu kuhusu sheria, halafu baada yako apande jukwaani muuzaji wa sarafu isiyojulikana. Umati haukumbuki ulichosema. Unakumbuka kwamba mhadhiri wa sheria alikuwepo. Nchi hii imeshaona DECI, upatu uliosimamishwa na serikali mwaka 2009 baada ya kukusanya akiba za watu wengi wa kawaida, na baadhi ya waasisi wake wakatiwa hatiani mwaka 2013. Kanuni ya Adhabu inakataza upatu wa aina hiyo, uwe wa daftari au wa programu ya simu. Kataa mwaliko. Na kama wewe mwenyewe unamiliki sarafu hizo, sema hivyo kwenye maandishi yako, msomaji akupime.

Andika pia kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza peke yake. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama, na hakimu wa mahakama ya mwanzo atakayeletewa kesi ya salio lililopotea anahitaji maandishi anayoweza kuyatumia hukumuni. Wanaomwandikia ni wachache mno.

Kwa hiyo, wewe uliye mwaka wa tatu pale Makumira na unatafuta mada ya utafiti wako: andika juu ya akaunti ya amana ya fedha za simu na haki za mteja mtoa huduma anapofilisika. Msimamizi wako akisema mada ni ndogo mno, mwambie ndivyo unavyoitaka, kisha umpelekee ukurasa wa kwanza wiki ijayo.